Nyumba Tatu, Mstari Mmoja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika miji ya watu, boma kwa boma, kwa majina ya wanaume. Sentensi hiyo nimeiandika mara tisa. Mara ilikuwa ndefu, mara ilikuwa inaomba huruma. Sasa naiacha ilivyo. Niliandika wanaume, nikapiga mstari chini yao kwa rula, nikaona kazi imekwisha.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame na wa mahindi ya njano ya msaada. Nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliiacha darasa la saba kwa kukosa karo ya kuendelea, na yote niliyoyajua baada ya hapo nilijifundisha kwenye meza ya mama yangu mjini Malindi. Hati nzuri niliiga kwenye kalenda za ukutani. Kiswahili cha ofisini nilikisoma kwenye magazeti ambayo mama alifungia mahamri. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana hofu kubwa kuliko ya kugunduliwa. Nikikosea herufi moja, nilikuwa narudia ukurasa mzima, na usiponiona nikiurudia, nilikuwa naurudia kichwani.

Chifu mmoja wa upande wa ndani wa Magarini alikuwa anatafuta karani wa muda wa kuandikisha watu wa chakula cha msaada. Akaitazama hati yangu, akasema, "Huyu anaandika kama mashine." Nilikwenda nyumbani nikiwa nimelewa kwa maneno hayo. Sikuuliza mashine inafikiri nini.

Fomu za ofisi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nilinunua kitabu kikubwa chenye jalada gumu nikachora safu mwenyewe, kwa kuiga karatasi moja kuukuu aliyokuwa nayo chifu: nambari, mwenye mji, nambari ya kipande, yaani kitambulisho, idadi ya watu, kidole. Mji mmoja, mstari mmoja. Wanaume walipanga foleni na vipande vyao, nami nikawaandika kwa wino wa buluu, bila doa.

Mji wa Kigiriama si nyumba moja. Mwanamume mwenye wake watatu ana nyumba tatu, kila mke na yake, na katika kila nyumba mna mafiga matatu, na juu ya mafiga kuna uchaga, dari la fito ambamo mahindi hukaa ndani ya moshi ili yasiliwe na fukusi. Mahindi yakishapanda uchagani ni ya mke. Mume hapandi kule. Akitaka kuuza hata pishi moja ataomba, na mke akikataa hakuna mzee atakayemlaumu. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikumwuliza mtu.

Mahindi ya serikali hayakupanda uchagani. Yalishuka kwenye lori yakaingia mkononi mwa mwanamume aliyeandikwa. Hayakulimwa na mke wala hayakuvunwa na mke, basi hakuna mila iliyoyatambua. Mila iliyokuwa inamlinda mwanamke niliikata mimi kwa rula, halafu nikakaa ofisini nikisikia watu wakubwa wakisema kwamba shida ya watu hawa ni mila.

Wiki moja baada ya mgao wa kwanza, mwanamke mmoja alikuja ofisini asubuhi. Alikuwa mke wa kati wa mtu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni. Alivaa hando la marinda lililofifia na alisimama mlangoni bila kuegemea kitu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Lakini shikamoo yako haijazi chungu. Niandike."

Nikafungua kitabu, nikatafuta. "Mji wenu umeandikwa. Nambari arobaini na moja."

"Mji haupiki. Mimi ndiye ninayepika. Andika jiko langu."

"Kitabu kina safu ya mwenye mji, mama. Hakina safu ya jiko."

"Aliyezichora hizo safu ni nani?"

"Ni serikali."

Akaitazama mikono yangu. "Serikali nayo ina wino vidoleni kama wewe?"

Nikafunga kitabu. Kila nilipokasirika nilikuwa nakunja mdomo kama mwalimu, tabia niliyoiiga kwa mwalimu niliyemchukia. Nikamwuliza kama ana kipande.

"Nimekifuata mara mbili," akasema. "Wakataka barua ya chifu. Chifu akasema nije na mume. Mume akasema kipande cha mwanamke ni cha kutorokea. Haya, karani, nitorokee wapi na watoto wanne?"

Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mumewe alikuja na baiskeli siku ya mgao, akapakia gunia lote, akaenda nalo Gongoni kwa mke mdogo, maana huko ndiko anakolala. Bi mkubwa ana vijana wake wanaofanya kazi Mombasa, wanamletea unga. Yeye wa kati amebakiwa na mbegu tu, vishada sita vya mahindi vilivyofungwa juu ya moshi uchagani.

"Nikila mbegu, mvua ikinyesha nitapanda nini? Kucha zangu? Lori linarudi lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi niandike leo, ili Alhamisi nipate changu. Nitawachemshia watoto majani mpaka siku hiyo. Ikipita Alhamisi nateremsha mbegu."

Hakutaka jambo kubwa. Alitaka mstari mmoja. Lakini ukurasa wa nambari arobaini na moja ulikuwa ukurasa mzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na kati ya arobaini na moja na arobaini na mbili hapakuwa na nafasi ya kupitisha uzi. Kumwandika yeye ilikuwa lazima nikate. Kama ningemkata mumewe, ningelazimika kukata na wengine, na chifu angeuliza. Wakati anatazama nje, kwa mtoto aliyekuwa akimlilia, nilikiweka kitabu chini ya gazeti, nikaliegemea gazeti kwa kiwiko.

"Kitabu kinakwenda Malindi," nikasema. Aliponigeukia nikasahihisha, "Kimeshakwenda. Hakiongezwi mtu mpaka kirudi."

Akalitazama gazeti. Akakitazama kiwiko changu.

"Malindi siku hizi iko karibu," akasema, akaenda zake.

Nimewahi kujitetea kwamba nilimwogopa chifu. Ni kweli nilimwogopa. Lakini siku ile, kabla ya kumwogopa chifu, niliuhurumia ukurasa.

Huku kwetu, penye foleni ndefu, kwenye bomba au kwenye zahanati, mtu huacha jiwe mahali pake akaenda kutafuta kivuli. Jiwe linamshikia zamu na hakuna anayelisogeza. Alhamisi ile tulipofika uwanjani na chifu, kabla lori halijafika, mawe yalikuwa yamepangwa foleni mbili. Foleni ya wanaume ilikuwa ya mawe mekundu ya barabarani. Foleni ya pili ilikuwa ndefu zaidi, na mawe yake yote yalikuwa meusi.

Yalikuwa mafiga. Kila mwanamke alikuwa ameng'oa figa moja jikoni kwake akalibeba kichwani. Jiko lenye mafiga mawili halishiki chungu, na mwanamke halivunji jiko lake kwa mkono wake mwenyewe kwa mzaha. Hata mimi wa mjini nililijua hilo.

"Nani ameleta uchawi hapa?" chifu akafoka.

Aliyejibu alikuwa bi mkubwa wa mji ule ule, nambari arobaini na moja, kikongwe mwenye sauti ya kuku. "Uchawi gani, chifu? Hivi ndivyo vipande vyetu. Picha havina, lakini wewe mwenyewe ulilelewa na moshi wake."

Wanawake wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu wenye njaa.

"Mke mwenza anamtetea mke mwenza!" mwanamume mmoja akadakia. "Leo mvua itanyesha kweli."

"Ikinyesha ulowe wewe," bi mkubwa akamjibu. "Gunia lako la mgao uliopita liko wapi? Au ulilinywea mnazi, na mnazi nao unaandikwa mwenye mji?"

Chifu akanigeukia. "Karani, ondoa mawe haya."

Nikalisukuma la kwanza kwa mguu. Liliacha masizi kwenye kiatu nilichokuwa nimekipaka rangi asubuhi. Niliinama kukifuta, na nilipoinuka nikakuta mke wa kati amesimama mbele yangu. Lilikuwa lake.

Lori likaingia, na mbele yake gari la mkuu wa tarafa, D.O. kama tulivyomwita. Alikuwa kijana wa bara, msomi, mpole kwa namna ya mtu anayetaka kuondoka mapema. Akatazama mawe.

"Hawa mama wanataka nini?"

"Fitina za wake wenza, bwana D.O.," chifu akasema. "Ndizo mila za huku. Mwanamke hana sauti, basi anapiga kelele na mawe."

D.O. akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyewahi kuyasoma mambo hayo mahali. Akanigeukia mimi. "Karani, kitabu kiko sawa? Kila mtu ameingia?"

Wanawake wakanigeukia. Mke wa kati hakunitazama usoni. Alitazama kiwiko changu. Kama ningesema neno moja, siku ile ile D.O. angeweza kuamuru gunia ligawanywe mbele yake, maana magunia yalikuwa bado juu ya lori. Nililijua hilo wakati ule. Si jambo nililokuja kulijua baadaye.

"Kiko sawa, bwana," nikasema.

D.O. akakifungua. Akageuza ukurasa mmoja, wa pili. "Kazi safi sana," akasema. Nami nilifurahi. Naapa, pale, mbele ya mawe yale, nilifurahi.

"Karani!" mke wa kati akaniita kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Kitabu kimerudi salama kutoka Malindi?"

Watu wakaangua kicheko. D.O. hakuelewa, akacheka nao kidogo kwa adabu.

Mgao ukaendelea kwa vipande. Mume akaja na baiskeli yake, akatia kidole, akapakia gunia. Mkewe akashika tandiko la baiskeli.

"Gunia hili linapanda uchaga wa nani?"

"Limelimwa na wewe hili?" mume akamwuliza. Hakuwa amelewa, wala hakupandisha sauti. Aliniashiria mimi kwa kidevu. "Hili ni langu. Limeandikwa."

Mke akaliachia tandiko. Akaokota figa lake, akalipangusa vumbi la kiatu changu, akajitwika.

Jumapili nilikwenda Malindi kwa mama. Nilimsimulia habari ya mawe kama kichekesho, na nilikaa zaidi kwenye habari ya kiatu. Mama alikuwa anatia mahamri kwenye karai. Hakucheka.

"Baba yako aliondoka wewe una miaka minne," akasema. "Njaa hii ingetukuta sisi wakati ule, mimi ungeniandika wapi?"

"Kwa mjomba."

"Mjomba yupi? Yule aliyekuja na mkokoteni kuchukua kitanda?"

Nikaangalia karai. Akageuza mahamri, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Leo usile hapa," akasema. "Nenda ukale kwenye kitabu chako."

Nilidhani anatania. Nikanyoosha mkono, akaupiga kwa mwiko. Alama ya mafuta ya moto ilikaa kiganjani siku nyingi.

Jumatatu nilinunua daftari la kawaida na penseli. Nikaanza kwenda mji kwa mji, nikisimama kwenye mlango wa kila jiko na kuuliza nani anapika hapa na nani anakula. Sikumwomba chifu ruhusa, kwa sababu angeninyima. Nilipokelewa vibaya, na haki yao. Mzee mmoja aliniuliza, "Unatafuta mahindi au unatafuta mke?" Mwingine aliwaambia wanawe waniangalie vizuri, maana karani anahesabu wake za watu. Wanawake nao hawakunishukuru. Walinijibu wakiwa wamenipa mgongo, wakinitajia watoto haraka haraka ili nikosee, nami nilikosea, nikakata, nikaandika juu ya nilipokata. Daftari likaingia jasho na masizi. Usiku nilijizuia kulinakili upya kwa kulilalia.

Siku ya tatu nilifika nyumba ya kati ya mji nambari arobaini na moja. Figa lilikuwa limerudi mahali pake, na chungu kilikuwa juu ya moto. Watoto walikuwa wanakula bila kuongea. Niliinua macho uchagani kabla sijamwamkia mwenye nyumba. Kamba zilikuwa zinaning'inia tupu, zote sita, zimekolea weusi wa moshi.

"Umekuja na Malindi yako?" akaniuliza.

"Nimekuja na daftari, mama. Nisamehe."

"Msamaha wako una vishada vingapi?" Akachochea moto. "Tangu Ijumaa tunakula mwakani. Keti, uandike."

Nikaketi chini. Akanitajia jina lake, la watoto, kila mmoja na umri wake, kisha akataka nimsomee. Nikamsomea. Nilipotaka kufunga daftari akanizuia.

"Na yule wa Gongoni. Naye mwandike peke yake."

"Lakini yeye anapata gunia zima."

"Anapata leo kwa sababu mume analala kwake. Mume akihama kitanda atakula nini? Ana mtoto mchanga." Akanitazama. "Simpendi. Mwandike."

Chifu alipopata habari aliniita, akalitupa daftari sakafuni. "Nilikuajiri uandike, sikukuajiri ufikiri! Ukiandika kila jiko, mwanamume atabaki na nini mjini kwake?" Ningependa kusema sikumwogopa, lakini nilimwogopa. Niliokota daftari na kwa woga ule ule nikaenda nalo kwa D.O.

D.O. alilishika kwa ncha za vidole. "Mbona chafu hivi? Kile cha kwanza kilikuwa kizuri."

"Kile kizuri ni cha uongo, bwana."

"Nilikuuliza mbele ya watu. Ukasema kiko sawa. Kwa nini?"

"Niliogopa kukata ukurasa," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama mwenzake ni mgonjwa. Hakunisifu, wala hakunikaripia. Alisoma daftari mpaka mwisho, akaniuliza maneno mawili matatu niliyokuwa nimeyakata vibaya. Lori lililofuata lilipokuja, mahindi yalipimwa kwa nyumba. Kila mke alitia kidole chake mwenyewe, na asiye na kipande alishuhudiwa na wanawake wawili wa jirani. Wanaume wengi walikasirika, wachache waliona afadhali. Mimi sikuwepo. Chifu alikuwa amenifukuza kazi siku mbili kabla, na habari hizo niliambiwa na utingo wa lori.

Mvua ilinyesha mwaka huo huo. Waliokuwa na mbegu walipanda. Nilisikia kwamba mke wa kati alipanda konzi kadhaa za mahindi ya njano, kwa kuwa hakuwa na kingine, na watu walimwambia hayazai. Nilikwenda kuona. Yalikuwa yamefika kiunoni, membamba, yameanza kurudi rangi ile ile ya njano yaliyokuja nayo. Alikuwa analima katikati yake kana kwamba yatazaa. Nilimwamkia kutoka njiani. Aliinua jembe, akalishusha, hakuitikia.

Mwaka uliofuata redio ilikuwa inasema kila siku habari za mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia huko Nairobi. Naambiwa chifu alisimama barazani akasema, "Sisi hapa akina mama tuliwaandika zamani," na wageni walipokuja akawaonyesha kitabu. Akawaonyesha kile kisafi. Wakakigeuza kurasa, wakasifu hati.

Sasa naandikisha watu tena, kazi nyingine, mahali pengine. Naanza jikoni, namwuliza anayepika, na kila jiko lina mstari wake. Naandika kwa penseli. Nikikosea nakata na kuendelea, na ukurasa naupeleka hivyo hivyo ulivyo.